Jipu halisikii dawa: nitajuaje kama ni bakteria sugu?

Swali: Daktari, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja, Nairobi. Mwanangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni, na anacheza raga. Alikuja likizo na jipu pajani. Kwenye duka la dawa nikapewa Ampiclox na Flagyl, akameza, likapasuka, likapona. Wiki tatu baadaye likamtoka lingine kwapani, kubwa kuliko la kwanza, lenye kidoa cheusi katikati. Safari hii nikapewa Augmentin. Leo ni siku ya nne na bado linavimba. Dada yake wa miaka sita naye ameanza vipele vyenye usaha matakoni. Jirani mmoja anasema ni buibui, mwingine anasema ni bakteria sugu. Kwa dalili nitajuaje ni kipi? Na je, ninunue dawa kali zaidi?

Jibu:

Mama, pole kwa kuuguza wawili kwa mpigo. Kabla sijaligusa swali lako, neno moja juu ya huyo kijana. Jipu la kwapani linalozidi kuvimba siku ya nne ya Augmentin haliachwi mpaka dozi iishe. Mpeleke hospitali kesho asubuhi, msilikamue, na usinunue dawa nyingine njiani. Akiwa na homa, au anatetemeka kwa baridi, au mkono umeanza kuvimba kuteremka kiwikoni, usingoje kesho.

Sasa swali lenyewe. Unataka dalili itakayokuambia kwamba hawa ni bakteria sugu, nami sina budi kukuambia kwamba ngozi haina dalili hiyo. Nimetibu majipu miaka mingi na bado siwezi kulitazama moja nikasema hili ni sugu na hili silo. Yote huvimba vilevile, huuma vilevile, hutoa usaha uleule. Anayekuambia amelijua kwa macho anakisia. Usugu huonekana mahali pawili: katika mwenendo wa ugonjwa siku zinavyopita, na katika maabara.

Majipu mengi huletwa na bakteria anayeitwa stafilokoki, ambaye sisi humwita stafu kwa kifupi. Si mgeni kwetu. Takriban mtu mmoja kati ya watatu anaishi naye puani wala haumwi. Akipata mchubuko wa raga, mkwaruzo wa kiwembe au mahali mtoto amejikuna baada ya kuumwa na mbu, anaingia. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, ilimmudu kwa muda mfupi. Kabla miaka ya 1940 haijaisha walikuwa wameshazagaa stafu wanaoivunjavunja. Methisilini ikatengenezwa kwa ajili ya hao, ikaanza kutumika mwaka 1959, na mwaka 1961 Uingereza ikaripoti stafu wasioijali hata hiyo. Hao ndio wanaoitwa MRSA hadi leo, ingawa methisilini yenyewe haitumiki tena.

Jambo la kukumbuka juu ya MRSA ni kwamba hakatai dawa moja moja. Ana protini ya kujengea ukuta wake ambayo dawa za ukoo wa penisilini haziwezi kuishika, kwa hiyo karibu ukoo mzima unapotea kwa pamoja: Ampiclox, flukloksasilini, Augmentin, sefaleksini, hata ile sindano ya seftriaksoni inayochomwa katika kliniki nyingi za mtaani. Watu huiona Augmentin kuwa "kali" kwa sababu bei yake iko juu. Ikiwa jipu la mwanao ni la MRSA, kutoka Ampiclox kwenda Augmentin hakukumsogeza popote.

Flagyl nayo huua bakteria wanaoishi pasipo hewa, na stafu haimgusi, awe sugu au asiwe. Inafungwa pamoja na Ampiclox kwa mazoea tu, na inaniuma kuona mzazi akitoa pesa kwa dawa ambayo haina kazi pale.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata wahudumu wa afya, nami ningependa nikae juu yake kidogo. Ukali wa jipu na usugu wa bakteria ni vitu viwili. Baadhi ya stafu hutoa sumu inayoua chembe nyeupe za damu na kuozesha nyama iliyo karibu, ndipo unapopata jipu kubwa, lenye maumivu makali, kidoa cheusi katikati, na tabia ya kurudi. Katika Afrika stafu wenye sumu hiyo ni wengi, na wengi wao bado wanasikia flukloksasilini vizuri kabisa. Kwa hiyo kile kidoa cheusi ulichokiona hakithibitishi usugu. Kinyume chake pia ni kweli: mtu aweza kuwa na kijipu kidogo cha MRSA, kikatoa usaha, kikapona bila kidonge hata kimoja.

Kidoa hicho ndicho kinachowafanya watu waseme buibui. Mwulize kijana kama alimwona huyo buibui akimuuma. Kama hakumwona, mwache buibui wa watu. Kote duniani majipu ya stafu husingiziwa buibui, na hasara yake ni kwamba mgonjwa hupakwa dawa ya kutuliza mwasho huku usaha ukijikusanya chini.

Basi, ni mwenendo gani unaonifanya nishuku usugu? Wa kwanza ni muda. Dawa inayomfaa mgonjwa, ikimezwa kwa kipimo na saa zake, huonyesha kitu kati ya saa 48 na 72: homa inashuka, maumivu yanalegea, uvimbe unaacha kutambaa. Sisemi ngozi itakuwa imepona. Katika siku ya kwanza na ya pili eneo linaweza hata kuonekana limepanuka kidogo, na hilo peke yake lisikutishe. Lakini siku ya tatu ikipita na bado linasonga mbele, kuna kasoro. Wa pili ni kurudi: linapona, wiki chache zinapita, lingine linatoka mahali pengine. Wa tatu ni kuenea kwa walio pamoja, iwe nyumbani, bwenini au katika timu. Raga ni ngozi kwa ngozi, michubuko na taulo za kuazimana, na michezo ya aina hiyo inajulikana kwa kusambaza MRSA. Wa nne ni historia: je, kuna aliyelazwa hospitalini karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, anayesafishwa damu kwa mashine, au aliyemeza antibiotiki mara kwa mara miezi ya karibuni? Hata kama ni ndugu mnayeishi naye, mtaje kwa daktari.

Kwenu naona mitatu kati ya hiyo minne, na kwa historia kijana ameshameza antibiotiki mara mbili ndani ya muda mfupi. Nina haki ya kushuku. Bado sina haki ya kuhukumu, kwa sababu jipu lisilosikia dawa mara nyingi lina sababu nyingine iliyo wazi zaidi: usaha umefungiwa ndani. Dawa husafiri kwa damu, na katikati ya jipu damu haifiki. Unaweza kumeza dawa sahihi kabisa na jipu likabaki palepale hadi lipasuliwe. Jipu lililoiva, ukilibonyeza unahisi maji yanacheza chini ya kidole, tiba yake kuu ni kisu cha daktari. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwapa nusu ya wagonjwa waliopasuliwa majipu Septrin, antibiotiki isiyo ya ukoo wa penisilini, na nusu nyingine vidonge visivyo na dawa. Walioongezewa Septrin walipona zaidi kidogo, lakini hata wale wengine, zaidi ya saba kati ya kumi walipona kwa kupasuliwa tu.

Sababu nyingine ni sukari. Kijana mwenye majipu ya kurudiarudia apimwe sukari ya damu, na kwa ridhaa yake apimwe na Virusi vya Ukimwi. Vipimo vyote viwili ni rahisi na vinaondoa mashaka. Halafu kuna dozi za kukatizwa, na ile desturi ya kufungua kapsuli na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Tafadhali usiifanye. Unga huo haufiki panapohitajika, unakausha gamba juu ya usaha, na unawapa bakteria wa juu nafasi ya kuizoea dawa.

Kisha kuna magonjwa ambayo si ya bakteria hata kidogo, na hapa Nairobi tuna la kwetu. Msimu wa mvua, taa zikiwashwa usiku, anaingia yule mdudu mwembamba mwenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeusi, Nairobi fly. Haumi wala hachomi. Ukimponda kwenye ngozi, maji ya mwili wake yanaunguza, na siku ya pili unaamka na mstari wa malengelenge shingoni, au alama mbili zinazofanana mahali kiwiko kinapokunjika. Kila msimu naona watu waliomezeshwa antibiotiki kwa ajili yake. Ukimkuta juu yako mpulize aondoke, na kama umeshamponda, osha mara moja kwa maji na sabuni. Choa nacho huanza kama duara lenye magamba na huwasha zaidi ya kuuma. Upele huwasha usiku, katikati ya vidole. Mkanda wa jeshi hufuata upande mmoja wa mwili na kuunguza. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayejali Augmentin. Uwe mwangalifu pia na zile krimu zilizochanganywa dawa tatu, ya fangasi, ya bakteria na ya steroidi. Steroidi inatuliza mwasho kwa siku chache huku ugonjwa ukikua chini yake, na tukija kuutazama sura yake imeshapotea.

Niseme na juu ya wekundu, maana maelezo mengi yanakuambia utazame wekundu unaosambaa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, imenyooka na kung'aa kama imepakwa mafuta, vinyweleo vimetanuka. Tumia mkono zaidi ya jicho. Weka mgongo wa kiganja penye uvimbe, kisha upande wa pili wa mwili mahali palepale, ulinganishe joto. Bonyeza pole pole kuanzia nje kuja ndani hadi uhisi panapoanza ugumu, hapo chora mstari kwa kalamu kuzunguka uvimbe na uandike tarehe na saa kando yake. Kesho yake tazama kama ugumu umevuka mstari. Piga picha kwa simu kila asubuhi mahali pamoja penye mwanga wa dirisha. Mgonjwa anayekuja na mstari na picha tatu ananisaidia kuliko anayeniambia "naona kama limeongezeka". Papasa pia tezi: mtoki kinenani kwa jipu la paja, au tezi za kwapani na shingoni. Tezi iliyovimba haisemi kitu juu ya usugu, inasema tu mwili unapigana.

Tufike maabara, maana hapo ndipo swali lako linapojibiwa. Jipu likipasuliwa, usaha wa ndani, uliotoka sasa hivi, uchukuliwe kwa sindano au kijiti chenye pamba upelekwe kuoteshwa. Watu wengi hupasuliwa na usaha ukatupwa pamoja na pamba zilizochafuka, na majibu yote uliyokuwa ukiyatafuta yakaenda nao. Omba mapema, kabla kisu hakijashikwa: "Daktari, naomba usaha huu uoteshwe, hii ni mara ya pili na safari hii dawa imeshindwa." Sentensi hiyo inatosha. Kidonda kikavu kilichopanguswa juu juu hakina faida kubwa, maana huotesha bakteria wanaokaa kwenye ngozi tu. Taja kila dawa aliyomeza na siku aliyomeza mara ya mwisho.

Kwenu Umoja hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko karibu. Popote utakapokwenda, iwe hospitali ya umma au ya kulipia, uliza kwanza kama maabara yao inaotesha usaha au inaupeleka kwingine, na ni kiasi gani, kwa sababu si kila kituo kina uwezo huo. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu. Bakteria lazima wakue usiku kucha, kisha vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa viwekwe kwenye sahani yao, tutazame kila dawa imesafisha duara la ukubwa gani. Penye usugu bakteria wanaota mpaka kwenye karatasi.

Ukipewa karatasi ya majibu usiikunje tu. Mbele ya kila dawa kuna herufi: S maana yake bakteria anaisikia, R maana yake ni sugu. Tafuta mstari ulioandikwa cefoxitin au oxacillin. Hizo ndizo maabara huzitumia kupimia MRSA. Ukiona R hapo, basi ukoo ule wote niliokutajia umeondoka, hata kama Augmentin haikuandikwa kwenye orodha. Ukiona S hapo, furahi, kwa maana flukloksasilini ya kawaida inatosha na huna haja ya kitu cha gharama. Ikiwa erythromycin ni R na clindamycin ni S, muulize daktari kama maabara ilizipima mbili hizo karibu karibu, kwa sababu wako stafu ambao huuficha usugu wao kwa klindamaisini mpaka waanze kutibiwa nayo.

MRSA ana dawa zake. Kwa jipu la mtu anayetibiwa akiwa nyumbani, daktari huchagua kati ya Septrin, doksisaiklini na klindamaisini kufuatana na karatasi hiyo. Aliyelazwa na hali mbaya hupewa vankomaisini kwa mshipa, au linezolidi. Ninazitaja ili ujue kwamba njia ipo. Sizitaji ili uende nazo dukani. Doksisaiklini haipewi mjamzito, na kwa mtoto mdogo kama binti yako tunaiepuka. Mtu anayemeza Septrin kila siku kwa kinga ana uwezekano mkubwa wa kuwa na stafu walioizoea. Na sheria ya Kenya yenyewe inataka antibiotiki iuzwe kwa cheti cha daktari. Kwa hiyo, kuhusu kununua dawa kali zaidi, jibu langu ni hapana. Kidonge cha tatu kwa kubahatisha kitaharibu hata hicho kipimo, maana bakteria waliolewa dawa wanaweza wasiote.

Kuna hali ambazo maabara haingojwi. Maumivu yanayozidi kabisa kile unachokiona kwenye ngozi, yaani mtu analia huku uvimbe ni mdogo. Malengelenge yenye maji meusi, ngozi iliyogeuka kijivu au kufa ganzi, au inayotoa mlio wa kukwaruza ukiibonyeza. Jipu la puani, mdomo wa juu au kati ya macho, hasa jicho likivimba, kwa sababu mishipa ya pale inawasiliana na ya ubongo. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari. Mtoto mchanga mwenye usaha popote. Mgonjwa yeyote anayepumua haraka, anayechanganyikiwa au asiyekojoa. Hao huenda dharura usiku huohuo, kwa bodaboda ikibidi.

Binti yako aende pamoja na kaka yake. Vipele vya usaha matakoni kwa umri wake vyaweza kuwa stafu yuleyule, na ni rahisi kumtibu sasa kuliko akishapata jipu.

Nyumbani, anza na mkebe wa mafuta ya kujipaka. Familia nyingi zina mkebe mmoja, kila mtu anachovya vidole, na aliyetoka kugusa jipu lake anawachovyea wote. Mpe kila mmoja wake, au mafuta yachotwe kwa kijiko safi. Taulo kila mtu na yake, vilevile kiwembe na mashine ya kunyolea. Najua maji Umoja huja kwa zamu na mnaoga kwa karai. Lisuguliwe kwa sabuni baada ya kila mtu, na litiwe Jik iliyochanganywa na maji mara kwa mara. Shuka na nguo za wagonjwa zifuliwe kwa maji ya moto, zikaushwe juani hadi zikauke kabisa, zipigwe pasi. Kucha za mtoto zikatwe. Kidonda kifunikwe kwa bendeji kavu, na bendeji chafu ifungwe kwenye mfuko kabla ya kutupwa. Kukanda kijipu kichanga kwa kitambaa cha maji ya moto ni sawa, na kitambaa hicho kifuliwe kabla hakijatumika tena.

Majipu yakiendelea kurudi baada ya haya yote, daktari anaweza kuwaandikia nyote dawa ya kupaka puani, mupirosini, pamoja na sabuni ya klorheksidini ya kuogea kwa siku chache. Hufanywa na watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja. Mmoja akiachwa, anawarudishia wenzake.

Likizo ikiisha, mwandikie matroni wa bweni au uzungumze naye kwa simu. Mwambie alichokuwa nacho kijana na majibu ya maabara, umuulize kama kuna wachezaji wengine wenye majipu. Asirudi uwanjani mpaka kidonda kiwe kimefunga, au kiwe kikavu na kimefunikwa kwa bendeji isiyobanduka. Karatasi ya maabara ibaki kwenye faili lako, na nakala aende nayo shuleni, maana akiugua tena muhula ukiendelea, nesi wa shule atajua aanzie wapi.